Daftari la Vifo na Bomba la Maji: Jinsi Habari Zinavyotumika Kulinda Afya

Katika kila zahanati mna daftari kubwa ambamo huandikwa jina la mgonjwa, umri wake, jinsi yake, mahali anapokaa na ugonjwa alioonekana nao. Mwandikaji aghalabu ni muuguzi mwenye foleni ndefu mbele yake, naye huiona kazi hiyo kuwa mzigo uliotwikwa juu ya mzigo mwingine. Si ajabu, kwani daftari halimtibu mtu. Hata hivyo, sheria nyingi zinazowakinga watu na maji machafu zilianzia katika madaftari ya namna hiyo, na baadhi yake zilichelewa kwa miaka mingi kwa sababu daftari lilikosa safu moja tu.

Afya ya mazingira ni elimu inayochunguza jinsi maji, hewa, udongo, chakula na makazi yanavyoathiri siha ya watu. Ili serikali iweze kutunga siasa nzuri ya jambo hilo, na bwana afya wa wilaya aweze kuitekeleza, zahitajiwa habari za aina mbili. Aina ya kwanza ni habari za watu: nani kaugua, wapi na lini. Aina ya pili ni habari za mazingira yenyewe: maji yatoka wapi, yamesafishwa kwa kiasi gani, majitaka yaelekea wapi. Kwa kawaida aina hizi mbili hukaa katika ofisi mbili tofauti, kila moja ikiwa na kabati lake na ufunguo wake. Kazi ngumu ni kuzikutanisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kipindupindu mjini London katikati ya karne ya 19. Ni mfano unaosimuliwa mara nyingi, lakini kwa bahati mbaya husimuliwa kama kisa cha tabibu mmoja mwerevu aliyeng'oa mpini wa bomba. Ukweli wake una manufaa zaidi kuliko hadithi hiyo.

Safu iliyokosekana

Usajili wa vifo kwa sheria ulianza Uingereza mwaka 1837. Tangu mwaka 1839 hesabu za vifo hivyo zilikuwa mikononi mwa William Farr, tabibu aliyependa tarakimu, ambaye alikuwa akifanya kazi katika Ofisi Kuu ya Usajili. Kipindupindu kilipoiingia London mwaka 1848 na 1849 na kuua watu wapatao 14,000, Farr alikuwa tayari na vifo vyote kwa majina ya mitaa. Alivipanga kwa kila njia aliyoweza kuifikiria, na mpango mmoja ulimvutia mno: kadiri mtaa ulivyokuwa juu ya usawa wa mto Thames, ndivyo vifo vilivyopungua. Wale waliokaa mabondeni kando ya mto walikufa kwa wingi, na wale wa vilimani walisalimika. Uhusiano huo ulikuwa sawasawa kiasi cha kuweza kuandikwa kwa kanuni ya hesabu.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya inayofuka kutoka kwenye uozo. Hewa nzito hukaa bondeni. Basi takwimu za Farr zilionekana kama ushahidi kamili. Hesabu zake hazikuwa na kosa. Lakini mitaa ya bondeni haikuwa na hewa mbaya tu: ndiyo pia iliyopewa maji machafu zaidi, yaliyovutwa kutoka sehemu ya mto ambamo majitaka ya mji yalimwagwa. Urefu wa mahali uliandikwa. Asili ya maji ya kila nyumba haikuandikwa. Kisababishi cha kweli kilijificha nyuma ya kile kilichokuwa rahisi kupimwa. Walimu wa hisabati watautambua mtego huu, maana vitu viwili vyaweza kwenda pamoja bila kimoja kukizaa kingine.

Mwaka 1849 tabibu mwingine, John Snow, aliandika kwamba kipindupindu huenezwa na kitu kinachotoka matumboni mwa wagonjwa na kuingia katika maji ya kunywa. Wachache walimsadiki. Nafasi ya kuijaribu rai hiyo ilitokea kwa sababu za kibiashara. Sehemu ya kusini ya London iliuziwa maji na makampuni mawili yaliyoshindana, moja likiitwa Lambeth na jingine Southwark and Vauxhall. Mabomba ya makampuni hayo yalipita katika njia zile zile, na nyumba mbili zilizopakana ziliweza kupata maji kutoka sehemu mbalimbali. Mwaka 1852 Lambeth lilihamisha mitambo yake hadi Thames Ditton, juu ya mto, mahali ambapo majitaka ya mji hayakufika. Southwark and Vauxhall liliendelea kuvuta maji yake Battersea, katikati ya uchafu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka huo huo wa 1852 kuyataka makampuni yote yahamie juu ya mto, lakini yalipewa muda hadi mwaka 1855. Ndani ya muda huo kipindupindu kilirudi.

Snow aliomba kutoka kwa Farr anwani za watu waliokufa, kisha akaenda kubisha hodi mlango kwa mlango akiuliza nyumba hiyo yapata maji ya kampuni gani. Wapangaji wengi hawakujua, kwa kuwa aliyelipa ni mwenye nyumba aliyekaa mbali. Hapo Snow alitumia kemia nyepesi. Maji ya Battersea yalichanganyika na maji ya bahari yanayopandishwa na bamvua, pamoja na chumvi ya mikojo ya mji mzima, hata yakawa na chumvi takriban mara 40 kuliko yale ya Thames Ditton. Matone machache ya nitrati ya fedha yalitosha kuyatenganisha. Snow alichukua maji hayo katika chupa ndogo, akaandika anwani juu ya kila chupa, akayapima nyumbani jioni.

Farr hakuiamini rai ya Snow, lakini alitambua kwamba swali ni la haki. Kuanzia tarehe 26 Agosti 1854 wasajili wa wilaya za kusini walitakiwa kuandika, kwa kila kifo cha kipindupindu, maji ya nyumba hiyo yalitoka wapi. Katika historia yote ya kipindupindu ni vigumu kupata amri ndogo kuliko hiyo iliyozaa matunda makubwa kiasi hicho. Ilikuwa ni safu moja tu iliyoongezwa.

Kiasi na asili

Katika majuma 7 ya kwanza ya mlipuko huo, vifo 1,263 vilitokea katika nyumba zilizopata maji ya Southwark and Vauxhall, na vifo 98 katika nyumba za Lambeth. Mwanafunzi mwepesi atasema jawabu limepatikana. Hapana, bado. Kama kampuni la kwanza lingekuwa na wateja mara 13 ya lile la pili, tofauti hiyo isingekuwa na maana yoyote. Idadi ya vifo ni kiasi; sehemu haikamiliki bila asili yake, ambayo hapa ni idadi ya nyumba. Snow aliipata: nyumba 40,046 kwa Southwark and Vauxhall, na nyumba 26,107 kwa Lambeth. Kwa hiyo, katika kila nyumba 10,000, kampuni la kwanza lilikuwa na vifo 315, na la pili vifo 37. Sasa tofauti ni zaidi ya mara 8, tena baina ya majirani wa hali moja wanaovuta hewa ile ile na kukaa katika kimo kile kile juu ya mto. Hewa mbaya haiwezi kubagua nyumba ya kushoto na ya kulia kwa kufuata risiti za maji.

Hiyo ndiyo sababu sensa ya watu ni chombo cha afya sawa na darubini. Gazeti linapotangaza kwamba mkoa fulani umekuwa na wagonjwa wengi kuliko mwingine, msomaji anayo haki ya kuuliza mkoa huo una watu wangapi.

Bomba la Broad Street

Wakati Snow akiendelea na uchunguzi wa kusini, usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1854 kipindupindu kililipuka kwa ghafla katika mtaa wa Soho, karibu na nyumba yake. Kwa jumla watu zaidi ya 600 walikufa. Snow alilishuku bomba la mkono lililokuwa katika njia ya Broad Street, naye akaiendea tena Ofisi ya Usajili. Alipewa orodha ya vifo 83 vya siku 3 za mwanzo. Kati ya hivyo, 73 vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu na bomba hilo kuliko bomba jingine lolote, na 61 kati ya marehemu hao walijulikana kuwa walikunywa maji yake.

Vifo 10 vilivyobaki vilionekana kuipinga rai yake, na mtu mzembe angevitupa. Snow aliwatembelea jamaa za marehemu hao mmoja mmoja. Jamaa za 5 walieleza kwamba siku zote walituma watu kwenda kuteka Broad Street kwa sababu waliyapenda zaidi maji yake. 3 walikuwa watoto waliosoma shule iliyokuwa karibu na bomba hilo. Kisha akatafuta kinyume chake, yaani watu waliokaa jirani na bomba lakini wakasalimika. Nyumba ya kuhifadhi maskini ilikuwa na watu 535, na waliokufa ni 5 tu: ilikuwa na kisima chake yenyewe. Kiwanda cha bia kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70 na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Walikunywa bia, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow aliwaeleza mambo hayo wakuu wa parokia, na kesho yake mpini wa bomba uling'olewa. Mlipuko ulikuwa umekwisha kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Snow mwenyewe alikiri hivyo. Ramani yake mashuhuri, ambayo vitabu vingi vyadai kwamba ndiyo iliyofumbua fumbo, aliichora baadaye ili kuwaonyesha wengine jambo ambalo yeye alikwisha kulijua kwa orodha na kwa miguu.

Aliyelifikisha jambo hili mwisho wake hakuwa tabibu. Henry Whitehead alikuwa kasisi kijana wa mtaa huo, na alianza uchunguzi wake kwa nia ya kumbatilisha Snow. Alikuwa na kitu ambacho Snow hakuwa nacho: aliwajua watu wa mtaa kwa majina, nao walimfungulia milango. Kadiri alivyoulizia ndivyo alivyolazimika kukubali. Siku moja, akiwa anapitia daftari la vifo, jicho lake lilitua juu ya mtoto mchanga wa miezi 5 wa nyumba namba 40 Broad Street, aliyekufa tarehe 2 Septemba baada ya kuhara kwa siku kadhaa. Maandishi hayo hayakutaja kipindupindu, kwa hiyo hakuna aliyeyazingatia. Mtoto huyo alikuwa ameanza kuugua kabla ya mlipuko. Mama yake alieleza kwamba aliloweka nepi na kumwaga maji yake katika shimo la choo mbele ya nyumba. Kisima kilipofukuliwa mwaka 1855, shimo hilo lilikutwa halikufika hata futi 3 kutoka kisimani, na matofali yake yamelegea. Tena ilionekana kwamba baba wa mtoto alishikwa na ugonjwa tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini ulipong'olewa. Uchafu ulikuwa tayari kurudi kisimani.

Yote hayo hayakutosha. Kamati ya Halmashauri Kuu ya Afya ya Uingereza iliichunguza rai ya Snow mwaka 1855 na kuikataa. Snow alifariki mwaka 1858. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi tena na kuua watu zaidi ya 5,000 mjini London, na taarifa za kila juma za Farr zikaonyesha kwamba vifo vimerundikana mashariki, katika eneo la kampuni moja la maji. Mhandisi wa kampuni aliandika gazetini kwamba hakuna tone la maji yasiyochujwa lililouzwa. Baadaye wateja walitokea kueleza kwamba walikuta mikunga ndani ya mabomba yao, samaki ambao hawawezi kupenya katika chujio la mchanga. Safari hii Farr alikuwa upande wa Snow, akitumia madaftari yale yale ambayo miaka 17 kabla yalimwonyesha vilima na mabonde.

Kimelea chenyewe kilikuwa kimeonekana kwa darubini na Filippo Pacini huko Italia mwaka 1854, lakini dunia haikumjali. Ni Robert Koch aliyekitambulisha mwaka 1884. Inafaa kuliangalia jambo hili kwa makini. Takwimu zilijua njia ya ugonjwa miaka 30 kabla ya maabara kumjua mwenye kusafiri katika njia hiyo.

Pwani ya Afrika Mashariki

Karibu na wakati huo huo, tabibu wa Kiskoti aliyeitwa James Christie alikuwa akifanya kazi Unguja. Kipindupindu kiliifikia Zanzibar mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870. Christie hakuwa na Farr wa kumwendea. Hapakuwa na ofisi ya kusajili vifo, wala sensa. Lakini alikaa katika mji ambao habari za nusu ya bara zilipita kila siku midomoni mwa watu. Aliwauliza wafanya biashara wa misafara, manahodha na wazee, akaunganisha maneno yao mpaka akaweza kuonyesha kwamba ugonjwa ule ulishuka kutoka kaskazini kwa njia ya nchi kavu, ukapita nchi ya Wamasai, ukafika pwani ya Pangani na ndipo ukavuka kwenda Unguja. Kutoka hapo ukafuata njia za biashara kuelekea Kilwa na bara. Kitabu chake juu ya kipindupindu katika Afrika Mashariki kilichapishwa London mwaka 1876. Njia ya ugonjwa aliweza kuichora; kiwango cha vifo mtaa kwa mtaa hakuweza, kwa kuwa masimulizi hutoa mahali na wakati lakini hayatoi asili ya sehemu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mfereji kutoka nje ya mji.

Zaidi ya karne moja baadaye, Zanzibar imetoa mfano wa kinyume chake. Mwaka 2009 chanjo ya kumeza ya kipindupindu ilitolewa katika shehia 6 za Unguja na Pemba zilizochaguliwa kwa sababu kumbukumbu zilionyesha kwamba ugonjwa huzirudia. Wakazi waliorodheshwa kwanza: watu 48,178 walistahili, na 23,921, karibu nusu yao, walipata dozi 2. Wagonjwa waliofika vituoni baadaye walilinganishwa na orodha hiyo, ikaonekana kwamba kinga ilikuwa asilimia 79. Bila ya orodha ya wakazi, kazi yote hiyo ingebaki kuwa ukarimu usiopimika.

Daftari la leo na upungufu wake

Nchini Tanzania madaftari ya vituo vya afya hufuata mfumo uitwao MTUHA, na katika miaka ya 2010 taarifa zake zilianza kukusanywa kwa kompyuta nchi nzima. Kipindupindu ni miongoni mwa magonjwa yanayotakiwa kuripotiwa mara moja, bila kusubiri taarifa ya mwezi. Agizo hilo lina maana yake, kwa kuwa muda kati ya kumeza vijidudu na kuanza kuhara ni saa chache hadi siku 5. Habari inayofika wilayani baada ya siku 30 ni historia.

Upungufu uliobaki ni wa aina ile ile ya mwaka 1849. Kwanza, daftari la kawaida haliulizi chanzo cha maji. Swali hilo huulizwa pale tu mlipuko umekwisha kushukiwa. Vipimo vya klorini viko kwa watu wa maji, ambao hutakiwa kuhakikisha kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yangali na angalau miligramu 0.2 ya klorini kwa lita. Mara ngapi tarakimu hiyo huwekwa juu ya meza moja na daftari la wagonjwa wa juma lile lile?

Pili ni majina ya mahali. Mgonjwa akisema anatoka Mtoni, ni Mtoni ipi? Iko Mtoni ya Temeke, na iko Mtoni ya Unguja, na zipo nyingine nyingi. Katika mitaa iliyojengwa bila mpango nyumba hazina namba, na anwani huwa ni mwembe au duka la mtu. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora ramani za kata za Dar es Salaam zinazofurika, nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji. Ni kazi ya Whitehead kwa vyombo vya kisasa: wenyeji ndio wajuao njia za maji.

Tatu ni hofu. Mwaka 1892 wakuu wa mji wa Hamburg walichelewa kutangaza kipindupindu kwa kuchelea biashara ya bandari yao. Watu wapatao 8,600 walikufa. Mji wa Altona, uliopakana nao na ulioteka maji chini zaidi katika mto ule ule, uliyachuja maji yake kwa mchanga na kusalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu wakati huo serikali nyingi, katika kila bara, zimepata kukiita kipindupindu kwa jina jingine la adabu. Daftari lililoandikwa hivyo ni baya kuliko daftari tupu.

Jaribio la darasani

Shule yenye maabara yaweza kurudia kipimo cha Snow. Wanafunzi wachore ramani ya eneo la shule, waweke alama ya kila kisima, bomba na choo, na kupima kwa hatua umbali kati ya choo na kisima. Wachukue maji ya kila chanzo katika chupa safi iliyoandikwa namba inayolingana na ramani, na chupa moja ya maji ya mvua kwa kulinganisha. Maji kiasi cha vidole viwili yatiwe katika neli ya kupimia, yaongezwe matone machache ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha matone machache ya nitrati ya fedha. Mikono ilindwe, kwa maana nitrati ya fedha hutia ngozi weusi usiotoka kwa siku kadhaa. Kipimo hiki huonyesha chumvi tu, wala hakionyeshi vijidudu. Maji yanayobaki meupe kama kioo yaweza bado kuwa na maradhi. Lakini kisima kimoja kikiwa na chumvi nyingi kuliko jirani zake wote, na choo kikiwa hatua chache kutoka hapo, bwana afya ana sababu ya kuitwa. Maji ya mvua hayatabadilika, ya kisima cha kawaida yataingia ukungu mwepesi, na ya bahari yataganda meupe kama tui la kwanza.